Leseni ya Masunga

Mzee aliyemtangulia Masunga alitoka chumba cha usaili amenuna, kapu la mizizi kwapani. Kwa sauti iliyosikika hadi barazani, alikuwa amejigamba kwamba dawa yake moja inatibu tumbo, kesi na ng'ombe waliopotea. Akaambiwa arudi nyumbani akapumzike.

"Anayefuata wa leseni!"

Masunga aliingia. Msimu wa pamba uliopita alikamatwa mjini Bariadi akihudumia wateja bila leseni, akalala ndani. Safari hii mkewe Nyanjige alikuwa ameapa: asiporudi nayo, yeye anarudi kwao Mwandoya.

"Mwangaluka, mayu."

Judica, afisa aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, aliitikia kwa mkato salamu hiyo ya Kisukuma ya kumwamkia mama. Waganga wa tiba asili walikuwa wamemchosha tangu asubuhi.

"Mafunzo umepata?"

"Nimemaliza, mayu. Kulekule Ngulyati, kwa mwalimu Mabula."

"Ukiwa kazini unakunywa pombe?"

"Hata kuionja."

"Wakija wateja wawili kwa mpigo?"

"Namchukua mmoja, mwingine anasubiri. Kuwachanganya ni hatari."

Judica akainua kichwa. Tangu asubuhi hajasikia jibu kama hilo.

"Mteja akizidiwa mikononi mwako?"

"Namkimbiza hospitali."

"Kwa hiyo wewe huna ugomvi na hospitali?"

"Ugomvi wa nini, mayu? Kila wiki nawapelekea watu."

Judica akavua miwani, akaifuta.

"Na ukiona nyekundu, ile dalili ya hatari?"

"Nasimama hapohapo. Siendelei hata kidogo."

Afisa akaweka mezani tawi bichi, la mti wenye sumu. "Haya, hili ukilikuta?"

Masunga akashusha pumzi. Hilo hata mtoto alilijua.

"Tahadhari. Napunguza, naenda taratibu mpaka nijue mbele kuna nini."

"Mungu wangu!" Judica akagonga muhuri kwa nguvu hadi meza ikalia. "Mwaka mzima natafuta mtu anayejua mipaka yake namna hii! Hongera, kaka. Nenda kahudumie watu kwa amani."

Masunga aliikumbatia karatasi yake, machozi yakimlenga. Alipofika mlangoni akasita, akageuka.

"Ila mayu, pikipiki nimeiegesha hapo nje. Hutaki kuniona hata nikikata kona moja?"