Mche wa Baridi

Kwa mara ya tatu Bwana Shamba alimwuliza Igoki: anataka mche wa mpichi wa baridi au wa joto?

“Wa baridi huzaa juu tu, karibu na msitu. Hapa kijijini utatoa majani matupu.”

“Nimelima huko juu miaka kumi na miwili! Unanifundisha nini?”

“Mama, huko ni marufuku mpaka Hali ya Hatari iishe. Ukionekana, utapigwa risasi. Chukua wa joto, wenzako wanangoja.”

Igoki alitazama handaki lililozunguka kijiji. Askari walimlazimisha kulichimba, na udongo wake ulikuwa bado kwenye kucha zake. Akachukua mche wa baridi, akaufunga mizizi kwa gunia bichi.

“Sasa huo utaupanda wapi?”

“Nani amesema napanda? Nautia kwenye debe. Siku ya kurudi nitaubeba mgongoni.”