Kishungi cha Yokichi

Safari hii pia, mtoto wa pichani alikuwa na kishungi kisogoni.

Otose aliitazama karatasi ya mumewe Heisuke, mchoraji, wino bado mbichi. Mtoto anarusha tiara, kishungi. Mtoto anamkimbiza kuku, kishungi. Mwaka mzima sasa! Ama kweli mtu anaweza kukusuta bila kufungua mdomo.

"Heisuke bwana," mchapishaji alitania huku akikusanya picha zake aondoke, "hata hawa wakubwa wanaokwenda kusoma umewabandika vishungi? Mji mzima wa Edo utatucheka."

"Waache navyo," alijibu Heisuke. Macho hakuyainua.

Otose alijua yale maneno ya kimyakimya yanamlenga nani. Kila mama pale mjini humnyoa mwanawe akamwachia nywele kidogo kisogoni, ili akitumbukia majini mungu apate pa kumshikia amvute. Mwanawe Yokichi alikuwa nazo mpaka asubuhi ile. Alikuwa na miaka sita, na wenzake walikuwa wakimzomea.

"Mama, wananiita kitoto kichanga! Ninyoe, mama, mimi nimeshakua!"

Alibembeleza, akalia, akabembeleza tena. Heisuke alikuwa ametoka tangu alfajiri, kaaga anakwenda kwa mchonga mbao za kuchapia picha zake. Otose akashika wembe. Mara moja tu, kwisha.

Mtoto alijipapasa kisogo, akacheka, akachukua kiwavu chake cha samaki na kutoka mbio. Kabla ya adhuhuri majirani walimrudisha akichuruzika maji ya mfereji.

Heisuke alirudi jioni, vidole vimejaa wino, akasema mchonga mbao alimchelewesha. Kufikia hapo Otose alikuwa keshamfunga mtoto kitambaa kichwani, na hakukifungua mpaka maziko. Hakuna aliyegundua. Nani hukagua kisogo cha maiti ya mtoto? Lakini yeye alijua.

Mchapishaji alipoondoka, Otose alishindwa kuvumilia.

"Baba Yokichi, basi niue yaishe! Ndiyo, ni mimi. Nilimnyoa asubuhi ileile. Mungu alinyoosha mkono akakosa pa kushika, kwa sababu yangu!"

Heisuke aliweka brashi chini. Otose alisubiri kofi au talaka, na yote mawili aliona anastahili.

"Najua," mumewe alisema taratibu.

"Unajuaje? Nani kakwambia?"

Heisuke aliliendea kasha la rangi, akachomoa karatasi mbili kutoka chini kabisa, akamkabidhi na kumpa mgongo.

Kwenye karatasi ya kwanza, kwa wino mtupu na tarehe ya siku ile pembeni, watoto watatu walikuwa wakivua visamaki ukingoni mwa mfereji. Wa katikati alikuwa ameinamia maji, kiwavu cha Yokichi mkononi, mgongo ameuelekeza kwa mchoraji. Kisogo chake kilikuwa kitupu, kimetoka kunyolewa.

Otose akaifunua ya pili. Ukingo uleule, watoto walewale, ila sasa wawili, vinywa wazi. Pale katikati, juu ya maji, vilikuwa vimechorwa viduara vya mawimbi, kimoja ndani ya kingine, kwa mkono uliotulia, bila kukosea hata mstari mmoja.