Ndoa Isiyofika Hewani

Siku hizo mume na mke hawakuruhusiwa kuachana mpaka wasikilizwe redioni na Nadhira Kombo. Sheria ilikuwa hivyo, na Nadhira aliimudu kazi yake barabara. Asubuhi ile alimpokea fundi cherehani na mkewe, wakatupiana maneno mpaka wakalia, na kabla ya taarifa ya habari walikuwa wameshikana mikono. Nchi nzima ilipiga vigelegele.

Alirudi nyumbani moyo mweupe. Mumewe, Makame, alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Baba Rahma, leo wameniuliza siri ya ndoa yetu. Nikawaambia sisi hatujagombana tangu sheria ianze."

"Ni kweli," alijibu Makame.

"Kwani hujawahi hata kuudhika nami?"

Makame aliacha kukuna. "Nikiudhika, Mama Rahma, niende wapi? Anayesikiliza ni wewe."

Nadhira alicheka, kisha akagundua anacheka peke yake. Hakubabaika, vinywa vizito kuliko hicho alikwisha kuvifungua vingi. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akasema kwa ile sauti yake iliyopendwa na wote, "Haya, sema. Hapa hakuna kipaza sauti."

Makame alifuta mikono, akajinyoosha mgongo, akasafisha koo kama wafanyavyo wageni wote studioni.

"Mke wangu ni mtu mwema," alianza. "Sina malalamiko naye."