Kibonye Bubu

Katikati ya onyesho, unyoya mmoja ulikatika ndani ya hapsikodi, kile kinanda cha kale kinachodonoa nyuzi kwa manyoya, na kibonye kimoja kikawa bubu. Mimi, niliyekuwa nikimfunulia dada kurasa za noti akipiga, nilikaa roho mkononi.

Dada hakupepesa macho. Kila mara muziki wa Baroki, ule wa Ulaya ya kale uliojaa madoido, ulipomfikisha kwenye kibonye kile, vidole vyake vilikizunguka kwa madoido ya papo hapo, kama mtu anayezunguka dimbwi bila kukatiza mazungumzo.

Onyesho lilipokwisha, nyuma ya pazia wanafunzi wake walimzonga. “Mwalimu, yale madoido umeyatoa wapi?”

“Nililazimika tu, wanangu,” alicheka, akiwaonyesha unyoya uliokatika.

Hawakumwamini. Asubuhi niliwasikia darasani, mmoja baada ya mwingine, kwenye hapsikodi nzima kabisa, wakikikwepa kibonye kilekile.