Masikio ya Raia

Katiba ilikataza Serikali kumfunga mtu mdomo, na Serikali iliitii. Habari ya masikio, Katiba haikuitaja. Kwa hiyo Kemilembe alipotangaza mkutanoni kwamba maji ya bomba yana sumu, hakuna aliyemkamata. Kesho yake, vinasa sauti walivyopandikizwa raia wote masikioni viliacha kupokea sauti yake, asisikike tena na mtu yeyote. Alishtaki kwa maandishi. Jaji akamjibu kwa upole, "Sema upendavyo, mama. Uhuru wako haujaguswa."

Nyumbani alizoea kupiga makofi akimwita bintiye mdogo, Koku, na kumwandikia mumewe Byabato kwenye simu.

Asubuhi moja alikuwa akianika nguo uani alipomwona Koku jikoni, amejinyoosha kuvuta sufuria ya uji iliyokuwa ikichemka. Kwa hofu akasahau, akapaza sauti.

"Koku, acha! Byabato, mtoto!"

Mtoto hakugeuka. Byabato, aliyekuwa karibu na mlango akifunga viatu, naye hakuinua kichwa mpaka Koku mwenyewe alipopiga ukelele, akageuka na kumwona mama yake uani.

Hospitalini Koku alilala amefungwa bandeji kuanzia shingoni hadi tumboni. Aliitazama midomo ya mama yake ikitikisika, kisha akamgeukia baba.

"Baba, mbona mama alikuwa ananitazama tu?"

Byabato alimwangalia mkewe, na Kemilembe akaona kwamba naye anauliza hilohilo. Akaanza kujieleza, akaapa, akalia kwa sauti, wala hakuna aliyemkataza.