Jino la Riziki Juu ya Bati

Riziki alirudi na mama yake kutoka hospitali, akiwa na pamba mdomoni na jino la utoto kiganjani. Taya lake, lililokuwa limevimba kama la mtu aliyeficha ndimu shavuni, lilikuwa limeanza kunywea. Bi Nunu, bibi yake mzaa baba, aliwangoja uani.

"Hilo jino halirushwi juu ya paa," alisema. "Limeoza, lina mkosi. Lizikwe, na shimo aliloacha daktari lizibwe kwa dawa yangu."

"Shimo haliguswi, mama," alijibu Sauda, mama wa mtoto. "Limeachwa wazi makusudi ili maji ya uvimbe yatoke. Chini yake kuna jino la ukubwa linasubiri njia. Nimeliona kwenye picha."

"Picha! Nyumba hii nzima nimeilea mimi, bila picha."

"Huyu nitamlea mimi."

Hakuna mkwe aliyewahi kumjibu Bi Nunu hivyo. Bibi alinyoosha mkono alichukue jino. Riziki akarudi nyuma hadi katikati ya ua, akatoa pamba, na kwa mdomo uliokuwa bado na ganzi upande mmoja akapaza sauti kama watoto wenzake wote: "Kunguru, chukua bovu, niletee zima!"

Akalirusha. Jino likagonga bati, likaviringika, likasita ukingoni. Bi Nunu alikinga kanga yake chini, tayari kulidaka. Riziki hakumtazama. Alisimama palepale, uso juu, kinywa ameachama, shimo lake wazi mbele ya wote, likingoja jino zima.