Matanga ya Chande

Siku hizo mashine za chumba cha wagonjwa mahututi zilikuwa zikitabiri nani atavuja damu ndani kwa ndani. Sheria ilisema hatari ikipita tisini kwa mia, jamaa waanze matanga mapema, kifo kisije kikawakuta ghafla.

Mwatumu alikuwa anachambua mchele simu ilipolia. Mumewe Chande, aliyekuwa akipumua kwa mashine kwa siku kumi na moja, amefika tisini na tatu. Kabla ya adhuhuri majirani walikwisha kutandika mikeka uani. Mwatumu alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu shemeji zake wakagawana nguo za kaka yao, kama ilivyo desturi.

Lakini Chande hakuvuja damu. Baada ya wiki tano alirudi nyumbani amekonda, akaenda polepole mpaka chumbani, akafungua kabati.

“Nguo zangu ziko wapi?”

“Tuliambiwa hurudi tena, baba Rehani.”

Majirani walikuja kumjulia hali, wakamsalimu bila kumtazama usoni, wakaaga upesi. Mwatumu akampikia uji, akakaa kitandani kumlisha.

“Ulinililia?” Chande akauliza.

“Nilikulilia sana, mume wangu. Sikubakisha chozi.”

Chande akameza. “Na siku nikifa kweli?”

Mwatumu aliitafuta ile huzuni ya matanga moyoni mwake, asiione. Akachota kijiko kingine, akakipuliza kipoe, akampelekea mdomoni.